Kufufua Madrasa ya Watoto kwa Usalama Wakati wa Janga: Mwongozo kwa Kamati na Maustadh wa Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Mtoto mmoja wa kike, ambaye kabla ya madrasa kufungwa alikuwa ameihifadhi Suratul-Mulk yote, alirudi kwetu baada ya miezi mingi akawa hawezi kuivuka Suratul-Buruj, sura fupi inayohifadhiwa kabla yake, bila ya kusukumwa neno kwa neno. Alikaa kwenye ukingo wa mkeka, akasoma aya mbili, akanyamaza, kisha machozi yakaanza kumtoka. Hakuwa mvivu wala mtukutu. Nyumbani kwao kulikuwa na simu moja tu, iliyotoka na baba alfajiri na kurudi naye usiku, na bibi aliyekuwa akimlea hakujua kusoma msahafu. Naanza na mtoto huyu kwa sababu kamati nyingi zikikutana kujadili kufungua madrasa wakati wa maradhi huanza na barakoa na ndoo za maji, na mara nyingi huishia hapo hapo. Hayo ni ya lazima, nami nitayaeleza kwa urefu, lakini kinachofufuliwa ni kisomo cha mtoto, na tahadhari zote zinapaswa kupangwa kwa namna itakayokilinda kisomo hicho pamoja na kuilinda afya yake na ya wale anaorudi kuwakuta nyumbani.

Haya ninayoyaandika yanatokana na tuliyoyapitia Kisumu wakati wa Korona. Nayaweka hapa ili ndugu zetu wa Kakamega, Mumias, Busia, Kendu Bay na kwingineko wasianze upya siku ambayo maradhi mengine ya njia ya hewa yatatufungia milango.

Madrasa si shule

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuyachukua masharti ya shule na kuyabandika kwenye mlango wa madrasa. Shuleni mtoto huketi kwenye dawati, hunyamaza sehemu kubwa ya kipindi, husikiliza na kuandika. Madrasani huketi juu ya jamvi goti kwa goti na mwenzake, husoma kwa sauti tangu bismillahi hadi dua ya kufunga, hushika msahafu ulioshikwa na wengine kabla yake, na huondoka baada ya kuubusu mkono wa ustadh. Virusi vya aina ya Korona husafiri katika matone na chembechembe ndogo zinazotoka mdomoni na puani, na mtu anayesoma kwa sauti ya juu huzitoa kwa wingi kuliko anayenyamaza au anayezungumza taratibu. Kwa hiyo mambo tunayoyapenda zaidi katika vyuo vyetu vya Qurani, yaani mwitikio wa pamoja, ukaribu wa mkeka na heshima ya mkono, ndiyo yanayotaka kuangaliwa kwanza, na hakuna waraka wa shule utakaotufanyia kazi hiyo.

Ruhusa kwanza, kisha wazazi

Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaagiza taasisi zote za masomo zifungwe. Mwezi Julai mwaka huo nyumba za ibada ziliporuhusiwa kufunguliwa hatua kwa hatua, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja, na waumini wa umri wa miaka 13 hadi 58 pekee, huku madrasa na mafunzo ya watoto ya Jumapili makanisani yakiachwa yamefungwa. Baadaye wanafunzi wa gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 waliitwa shuleni tarehe 12 Oktoba 2020, na wengine wote tarehe 4 Januari 2021. Wazazi wengi walichanganyikiwa, wakaona kwamba msikiti ukifunguliwa basi na chuo kimefunguliwa. Kamati isifanye kazi kwa kukisia: ruhusa ya msikiti si ruhusa ya madrasa, wala ruhusa ya shule si ruhusa ya madrasa. Muulizeni afisa wa afya ya umma wa eneo lenu, mumjulishe chifu, na jibu mlilopewa liandikwe katika kumbukumbu za kikao pamoja na tarehe yake.

Najua kwamba wapo waliofungua kwa siri, na sidhani nia yao ilikuwa mbaya. Lakini fikirini darasa la siri linavyokuwa. Watoto 20 wanaingizwa katika sebule ya mtu, mlango unafungwa, madirisha yanafungwa na pazia linashushwa ili majirani wasisikie kisomo, halafu watoto wanasoma kwa saa mbili katika hewa ile ile. Hakuna mpango mbaya kuliko huo. Ni afadhali mtoto akose kisomo mwezi mmoja zaidi kuliko kusomeshwa katika chumba kilichozibwa.

Kikao cha wazazi kifanyike nje, uwanjani au chini ya mti, na kina mama waitwe kwa majina yao, kwa kuwa wao ndio wanaowaogesha watoto, wanaowavisha na wanaojua nani amekohoa usiku. Katika kikao hicho patakuwa na mzazi atakayesema kwamba Mungu ndiye mlinzi na kwamba tahadhari hizi ni uchache wa imani. Asijibiwe kwa ukali. Akumbushwe kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliagiza watu wasiingie katika nchi wanayosikia ina tauni, wala wasitoke wakiikimbia iliyowakuta katika nchi yao. Akumbushwe pia safari ya Khalifa Umar kwenda Shamu, yaani upande wa Siria ya leo, alipofika mahali paitwapo Sargh akapewa habari ya tauni, akashauriana na masahaba, akaamua kurudi na watu wake, na alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu akajibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Mzee mmoja aliyekuwa mkali kuliko wote katika kikao chetu, alipoisikia habari hiyo kutoka kwa imamu mwenyewe, ndiye aliyejitolea dumu la maji.

Kabla ya kikao kuvunjika, kila mzazi aulizwe faraghani, si mbele ya watu, mtoto anaishi na nani. Mtoto anayelala chumba kimoja na bibi mwenye kisukari au presha, au na mtu anayetumia dawa za kifua kikuu, si sawa na mtoto anayeishi na wazazi vijana wenye afya. Huyo wa kwanza apewe nafasi ya kubaki nyumbani na kusomeshwa kwa njia nyingine bila ya kuondolewa kwenye daftari la madrasa na bila ya kudaiwa ada.

Kupima chumba na kupima lango

Umbali uliotumika Kenya wakati wa Korona ulikuwa mita moja na nusu. Chukueni utepe wa fundi, mpime. Chumba cha mita 6 kwa mita 8 kinaingiza watoto 20 wakikaa kwa umbali huo, safu nne za watoto watano watano, lakini mkiondoa sehemu ya ustadh na njia ya kupita hubaki nafasi 15 hivi. Chuo chenye watoto 60 kitahitaji basi vikundi vinne. Wekeni alama sakafuni kwa chaki au rangi, kwa kuwa mtoto wa miaka saba haelewi mita moja na nusu, bali anaelewa kwamba duara lile jeupe ni lake.

Jambo tulilolisahau, na ambalo lilinisikitisha sana nilipoliona, ni lango. Ndani tulikuwa tumepanga kila kitu. Saa ya kutoka ilipofika, watoto wote walisimama pamoja mbele ya mlango wa chuma wakisubiri wazazi na bodaboda, wamebanana, barakoa zimeshuka hadi kidevuni, mmoja ananong'ona sikioni mwa mwenzake, na wawili wanaumega mkate mmoja. Tulikuwa tumewatenganisha saa nzima ndani ili kuwakusanya robo saa nje. Tangu siku hiyo kila kikundi kilitoka kwa nyakati zilizoachana dakika 15, mtu mzima mmoja alisimama langoni, na bodaboda waliagizwa wasubiri upande wa pili wa barabara. Mtoto asipakiwe na wenzake wawili katika pikipiki moja kwa ajili ya kupunguza nauli. Ni bora wanaokaa karibu watembee pamoja wakiongozwa na mkubwa wao.

Vikundi vigawanywe kwa mitaa na kwa nyumba, si kwa viwango vya kisomo peke yake. Hili lina ugumu, kwa sababu ustadh atajikuta katika duara moja ana mtoto wa alifu na mtoto wa juzuu ya tatu. Hata hivyo ndugu watatu wa nyumba moja wakigawanywa katika vikundi vitatu, nyumba hiyo itakuwa imeviunganisha vikundi vyote, na ugonjwa ukiingia mmoja utaingia vyote. Wakae pamoja, na yule mkubwa amsikilize mdogo wake wakati ustadh anamsomesha mwingine.

Hewa ya nje ndiyo msaidizi mkubwa

Kama kuna ushauri mmoja ambao ningependa kamati iuchukue hata ikiyaacha mengine, ni huu: isomeshe nje kila inapowezekana. Hewa inayotembea huzitawanya chembe ambazo ndani ya chumba zingebaki zikielea. Chini ya mwarobaini au mwembe, katika ua wa msikiti, au chini ya paa la mabati lisilo na kuta, hatari hupungua sana, na gharama yake ni mikeka tu.

Kisumu ina tabia yake. Asubuhi huwa tulivu, alasiri upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu, na mvua zetu nyingi hushuka jioni zikiwa na radi, hasa katika masika ya Machi hadi Mei. Kwa hiyo vipindi vya Jumamosi na Jumapili viwekwe asubuhi, saa mbili hadi saa tano, kabla jua halijawa kali. Vile vya katikati ya wiki, baada ya shule, viwe vifupi na viishe mapema, kwa kuwa mbali na mvua huenda kukawa na kafyu. Mwezi Juni 2021, kaunti 13 za Magharibi, Nyanza na majirani zao, Kisumu ikiwamo, ziliwekewa kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, na madrasa iliyokuwa na mazoea ya kusomesha hadi baada ya magharibi ilibidi ipange upya kila kitu kwa siku moja. Ni vyema ratiba ya jua na ratiba ya mvua ziandikwe zote mbili tangu mwanzo. Radi ikianza kunguruma watoto wasikimbilie mtini wala wasisongamane barazani, bali waingie chumbani kwenye alama zao, madirisha yote na milango vikiwa wazi, na kisomo kigeuke kuwa cha kusikiliza hadi mvua ipungue.

Sauti

Hapa ndipo penye kazi kubwa ya ustadh. Kuitikia kwa pamoja, ustadh akitamka na watoto 40 wakirudia kwa nguvu zao zote, ndiyo njia tuliyolelewa nayo, na hakuna aliyeisikia akiwa mtoto ambaye haimgusi moyoni hadi leo. Wakati wa maradhi ya hewa ni lazima isimamishwe ndani ya nyumba. Badala yake mtoto mmoja asome kwa sauti ya kadiri, na wengine wamfuate kwa kidole kwenye misahafu yao huku midomo imefungwa. Ustadh amsimamishe ghafla na kumtaja mwingine aendelee pale pale. Watoto huwa macho zaidi kuliko wanapoitikia, kwa kuwa katika mwitikio mtoto asiyejua hujificha nyuma ya sauti za wenzake. Tuligundua watoto kadhaa ambao kwa miaka walikuwa wakifungua mdomo tu.

Barakoa na matamshi havipatani kwa urahisi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri mwaka 2020 kwamba watoto wa miaka mitano na chini yake wasilazimishwe kuvaa barakoa, wa miaka 6 hadi 11 wavae kulingana na hali ya maambukizi na usimamizi uliopo, na wa miaka 12 na zaidi wavae kama watu wazima. Tulifuata mpangilio huo, na ugumu ukaja kwenye herufi. Kijana wa miaka tisa alikuwa akiisoma aya ya mwisho ya Alhamdu na kuitamka dhwadi kama zaa, na ustadh, kwa kuwa hakuuona mdomo wake, hakuweza kumwelekeza. Alimtoa nje, akamkalisha mbali naye mita mbili, wote wawili wakiwa wamekaa ubavu kwa upepo ili pumzi ya mmoja isimwendee mwenzake. Kisha akauchora ulimi na magego kwenye ubao mweusi kwa chaki, akakoleza upande wa ulimi unaogusa magego ya juu. Mtoto alishusha barakoa, akalitamka neno mara tatu, akaipandisha. Mara ya tatu dhwadi ilitoka. Kazi yote haikuzidi dakika mbili, na ustadh mwenyewe hakuivua barakoa yake. Hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kwa masahihisho ya makhraji, yaani mahali zinapotokea herufi mdomoni na kooni: nje, mtoto mmoja mmoja, kwa muda mfupi, na picha ya mdomo ifanye kazi ambayo mdomo wa ustadh ungeifanya.

Kipindi kimoja kisizidi dakika 40. Nasheed na kaswida za pamoja zisubiri.

Mkono wa ustadh usibusiwe wakati wa maradhi. Mtoto aweke kiganja chake kifuani na kutoa salamu, na ustadh aitikie kwa kumtaja jina. Adabu haijapungua hapo, na watoto waelezwe hivyo kwa maneno yaliyo wazi, maana wapo watakaodhani kwamba ustadh amewachukia.

Maji, misahafu na mikeka

Udhu unawafunza watoto wetu kuosha viganja mara tatu, na hiyo ni neema, lakini udhu bila sabuni hautoshi kwa jambo hili. Kirusi cha Korona kimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni ndiyo inayouvunja. Mtoto anawe kwa sabuni kwa angalau sekunde 20 anapoingia, anapotoka msalani na anapoondoka, na udhu autie nyumbani kila inapowezekana ili wasisongamane kwenye birika na kopo moja. Palipo na shida ya maji, kama ilivyo katika mitaa yetu mingi inayonunua kwa dumu la lita 20, kibuyu chirizi kinafaa: dumu dogo la lita 5 linaloning'inizwa kwa kamba na kuinamishwa kwa kukanyaga kijiti, ili mkono usiguse chochote isipokuwa maji na sabuni. Mkikadiria nusu lita kwa kila kunawa, watoto 15 watatumia takriban dumu moja kubwa kwa kipindi, na gharama hiyo iingizwe kwenye bajeti mapema. Vitakasa mikono viwe na alkoholi isiyopungua asilimia 60, viwekwe mikononi mwa mtu mzima, na visisogezwe karibu na jiko la uji.

Sakafu na vitasa vya milango vinaweza kupanguswa kwa dawa ya klorini. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, sehemu moja ya dawa kwa sehemu 34 za maji hutoa asilimia 0.1 inayotosha. Isichanganywe na dawa nyingine yoyote ya kusafishia choo, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu, na watoto wasishirikishwe katika kuichanganya.

Msahafu usinyunyiziwe dawa. Hata katika Korona hatari iliyo kubwa zaidi ilikuwa hewani, si kwenye karatasi, na mikono iliyonawiwa ndiyo kinga ya kwanza ya kitabu. Kila mtoto awe na juzuu yake yenye jina lake, aje nayo na aondoke nayo. Watoto ambao wazazi wao hawana uwezo wa kununua wanunuliwe na kamati kimyakimya. Mswala pia kila mmoja aje na wake, na mikeka ya chuo ianikwe juani kila jioni.

Homa katika eneo la malaria

Ushauri mwingi wa kupima joto langoni uliandikwa na watu wasioishi kando ya Ziwa Victoria. Huku kwetu malaria haikomi mwaka mzima, na mtoto mwenye joto la nyuzi 38 huenda ana malaria, huenda ana mafua, na huenda ana ugonjwa uliotufungia madrasa. Ustadh asijaribu kuamua. Mtoto yeyote mwenye homa, kikohozi kipya, koo linalouma, au aliyepoteza hamu ya chakula na nguvu za kucheza, arudishwe nyumbani na mzazi ashauriwe kumpeleka kituo cha afya siku hiyo hiyo apimwe malaria kwanza. Kumwambia mzazi "ni Korona, mweke ndani" ni hatari, kwa kuwa malaria isiyotibiwa huua mtoto kwa siku chache. Na kumwambia "ni malaria tu" bila kipimo ni hatari kwa wote.

Mtoto anayesubiri mzazi asifungiwe chumbani peke yake kama mkosaji. Akae kivulini, mahali penye hewa, na mtu mzima aliyevaa barakoa awe pale anapomwona. Daftari la mahudhurio liandikwe kila siku kwa kikundi, nafasi ya kila mtoto na nambari ya simu ya nyumbani, ili wahudumu wa afya wakiuliza nani alikaa na nani jibu lipatikane dakika hiyo. Ugonjwa ukithibitika, kikundi hicho peke yake ndicho kisimame kwa siku watakazosema wataalamu, ambazo katika mwaka wa kwanza wa Korona zilikuwa 14, na vikundi vingine viendelee. Jina la mgonjwa lisitajwe kwenye kipaza sauti cha msikiti, wala kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, hata kwa nia ya kumwombea dua, isipokuwa wazazi wake wameridhia. Familia iliyotajwa mara moja huona haya, na jirani yake akiugua kesho ataficha.

Kisomo chenyewe

Wiki mbili za kwanza kusiwe na somo jipya. Kila mtoto asikilizwe peke yake, na ustadh aandike kwenye kadi mambo mawili: alikuwa amefika wapi kabla ya kufungwa, na leo anasoma wapi bila kusaidiwa. Pengo kati ya hayo mawili ndiyo kazi ya miezi mitatu ijayo. Mtoto wa Suratul-Mulk niliyemtaja mwanzoni alirudishwa hadi Suratut-Twariq, akapewa aya tatu kwa siku za kurejea, na kila Jumapili alizisoma zote za wiki kwa mkupuo. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameivuka Buruj akicheka. Kiboko, maneno ya kejeli na kumlinganisha mtoto na mwenzake vikae mbali kabisa na wakati huu. Watoto wengine wamefiwa, wengine waliona chakula kikipungua nyumbani, na wengine walianza kuuza mboga au kutumwa dukani kwa watu wakati wa masomo. Wasiorudi kabisa wafuatwe nyumba kwa nyumba na watu wawili, mwanamume na mwanamke, hasa wasichana wakubwa.

Kwa watakaobaki nyumbani, simu inasaidia katika marejeo kuliko katika somo jipya. Mtoto arekodi aya tano kwa sauti, amtumie ustadh, naye arudishe sahihisho kwa sauti hiyo hiyo. Hakuna haja ya video inayomaliza bando la mzazi. Ustadh ajue tu kwamba rekodi za simu huficha tofauti ya sini na thaa, na ya haa mbili, kwa hiyo masahihisho ya herufi hizo yasubiri siku ya kukutana nje. Sauti hizo zitumwe kupitia simu ya mzazi, mzazi akijua, si kwa mazungumzo ya faragha kati ya mtu mzima na mtoto.

Maustadh wenyewe wasisahauliwe. Wengi wao hutegemea ada ya watoto, na madrasa ilipofungwa mapato yalikatika siku hiyo hiyo. Ustadh asiye na chakula nyumbani atakuja kusomesha akiwa anakohoa, kwa kuwa hana namna. Kamati itenge mfuko, kutoka kwa sadaka na wafadhili wa mtaa, utakaomlipa ustadh aliyeagizwa kukaa nyumbani kwa ugonjwa, na jambo hilo litangazwe kabla ya mlango kufunguliwa. Hii ni tahadhari ya kiafya sawa na barakoa.

Kulegeza masharti

Maafisa wa afya watakapotangaza kwamba maambukizi yamepungua, masharti yalegezwe moja moja, wiki mbili mbili, na kamati itazame daftari la mahudhurio kabla ya hatua inayofuata. Anzeni kwa kurefusha kipindi cha nje, kisha kuongeza idadi ya watoto katika kikundi, kisha kuruhusu vikundi viwili kukutana uwanjani. Mwitikio wa pamoja ndani ya chumba uwe wa mwisho kurudi. Sherehe za khitma zisicheleweshwe hadi wakati huo: mtoto akimaliza juzuu asomewe dua asubuhi chini ya mti, mbele ya wazazi wake na kikundi chake, na halua ifungwe katika vipande, kila mtoto apewe chake aende nacho nyumbani.